Magego ya Lucky Summer

Karatasi ya mazishi ilikuwa na picha ya Khocha akiwa amevaa suti ya kijivu ambayo sikuwahi kumwona nayo. Chini ya picha waliandika kwamba alikuwa askari mstaafu, mfanyabiashara na mtu aliyeipenda familia yake. Niliyasoma maneno hayo, nikayarudia, nikiwa safu ya nyuma ndani ya hema la kukodi lililopigwa mbele ya nyumba yao ya Donholm. Jeneza lilikuwa mbele yetu na basi la kumpeleka Bungoma lilikuwa likingoja nje ya geti. Kigingi kilichokuwa karibu na mguu wangu kilipigwa wima kama mti wa uzio. Kigingi hulazwa, kichwa kikielekea mbali na hema, la sivyo upepo wa kwanza unakichomoa. Aliyenifundisha hilo alikuwa ndani ya lile sanduku. Ndipo Anti Rosa, mjane wake, akaja ameshikwa mkono na binti yake, akainama sikioni mwangu. "Simiyu mwanangu, wewe utasema kwa niaba ya wapwa. Maneno machache tu. Sema vile alikulea." Sikuwa nimekanyaga kwao kwa zaidi ya miaka ishirini. Niliitikia kwa kichwa, kwa sababu mjane hakataliwi mbele ya jeneza, kisha nikabaki nikijiuliza nitasema nini. Alichonitendea yule mzee nilikijua mimi, na wale watu wote waliokuwa wakijipepea kwa karatasi yenye picha yake hawakukijua. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Alinilea mwaka mmoja, ule uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne. Kwetu Wabukusu, khocha ni ndugu wa mama, na si mjomba wa kusalimiana naye kwenye harusi tu. Nilipokuwa karibu kutahiriwa, yeye ndiye aliyechinja fahali akanivisha ukanda wa nyama shingoni, mbichi na wa moto, damu ikinitiririka kifuani, akanikemea mbele ya watu nisije nikamwaibisha. Mtu aliyekuvisha nyama ile huwezi kumshuku. Ukija kumshuku, hujui tena umshuku nani na umwache nani. Kwa hiyo aliposema nije Nairobi nikae naye, anitayarishe kwa ajili ya jeshi pamoja na mwanawe Wafula, nilifunga nguo zangu bila kuuliza swali. Nilitaka jeshi kuliko kitu kingine chochote. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa naiona picha yake akiwa ugenini kulinda amani, kofia ya buluu kichwani, nyuma yake jangwa lisilo na mwisho, na sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani kusimama mahali pale na kuangalia upande ule aliokuwa akiangalia.

Nyumba yao wakati huo ilikuwa mtaa wa Lucky Summer, vyumba vya mawe kwenye kona ya ploti, na uani kulikuwa na mahema. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake baada ya kustaafu: kukodisha mahema, viti na masufuria makubwa ya harusi na matanga. Siku za jua mahema yalitandazwa juu ya ukuta na juu ya mabati yakauke, na nyumba nzima ilinuka turubai na ukungu, harufu ambayo mpaka leo nikikutana nayo sokoni huwa nageuka. Mtaa mzima ulimwita Sajini. Alipiga hema kama anayelinda mpaka: kwanza alitembea uwanja mzima kwa miguu, akakaa kimya akiangalia miti ili ajue upepo unatoka wapi, ndipo akasema, "Haya, nguzo." Watu wengine waliokuwa na mahema walianza na nguzo na kumaliza na matusi. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa alivyofuma Anti Rosa, redio iliyofunguliwa mgongo kwa sababu Wafula alikuwa akiitengeneza kila siku, na ile picha. Dada zake Wafula watatu, wadogo bado, walilala chumba cha pili; mimi na Wafula tulilala kwenye sebule hiyohiyo, magodoro sakafuni, mimi nikiwa chini ya jangwa.

Chakula kililiwa kimya. Sajini alikula kama mtu anayesubiri kengele: ugali, mrenda, omena siku za katikati ya wiki, kuku Jumapili. Akimaliza, alinawa, akajifuta, na hapo ndipo nyumba iliruhusiwa kuongea. Jumapili alikuja rafiki yake wa kambini, mzee mmoja kutoka Murang'a aliyekuwa na duka la nafaka Eastleigh, ambaye hata watoto walimwita Koplo. Huyo hakujua kula kimya. "Sajini, hawa vijana unawafunza ama unawafuga?" aliuliza akimwangalia Wafula akimega ugali. "Huyu wako anapenda kiti. Huyu wa dada yako ndiye askari. Angalia hata anavyokaa." Wafula alicheka, mimi nikainamisha kichwa nikiwa nimejaa fahari, na Sajini akasema, "Koplo, kula." Ni maneno ya mzaha, na niliyasikia Jumapili nyingi. Niliyasikia kama sifa. Sikuwahi kugeuka kuangalia uso wa baba aliyekuwa akiyasikia pamoja nami.

Alfajiri tulikimbia. Tuliteremka kuelekea Baba Dogo, tukapita viwanda wakati wafanyakazi wa zamu wakiingia, vibarua wakisimama getini wakingoja kuitwa majina, wakatupigia mbinja. "Niaje, makomando! Mnafukuzwa na nani?" Sajini alikuwa nyuma yetu kwenye baiskeli nyeusi, filimbi mdomoni. Mimi nilikimbia kama niliyeachiliwa kutoka kwenye gunia. Wafula alikimbia kama anayepeleka ujumbe asioupenda. Hakuwa mvivu, alikuwa tu hataki. Alitaka redio zake. Siku moja tukipumua kando ya barabara aliniambia, "Simi, mimi hata nikipita nitakuwa nikitengeneza redio huko." Nikamwambia aongee na baba yake. Akanitazama kwa huruma, mtu wa mjini akimtazama wa mashambani, akasema, "Buda haambiwi." Tuliporudi, Anti Rosa alitupa chai ya maziwa na mkate, na Sajini alimwambia mwanawe kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza, "Jikaze baba. Jikaze kidogo tu." Kwangu hakusema kitu. Nilidhani ni kwa sababu sikuhitaji kuambiwa.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha, gego langu la chini likaanza kuuma. Lilikuwa na tundu dogo. Anti Rosa alinisukutulisha maji ya chumvi, akasema lizibwe, kama Wafula alivyozibwa lake mwaka uliotangulia kwenye kliniki moja ya Eastleigh. Tulikuwa mezani, kimya kilikuwa kimeisha. Sajini aliweka taulo begani, akaniambia nifungue mdomo, akanishika taya kama anavyoshikwa ng'ombe mnadani, akaangalia kwa muda mrefu. "Hili ling'olewe," alisema. "Na hili la jirani, linaanza kuwa jeusi. Daktari wa jeshi akiona tundu anakurudisha nyumbani siku hiyohiyo. Jino bovu ni adui. Ng'oa mapema, kidonda kipone." Anti Rosa alisema, "Baba Wafula." Jina tu, bila kitu kingine. Yeye akamjibu, "Rosa, nimekaa jeshini maisha yangu. Wewe umekaa wapi?" Mama huyo akainuka akakusanya sahani. Kesho yake Sajini mwenyewe alinipeleka, akaniketisha kwenye kiti cha daktari, akanishika bega wakati koleo linaingia. Bega lile lilitulia kwa sababu ya mkono ule. Wiki nzima Anti Rosa alinipikia uji mwepesi, akaupoza yeye mwenyewe kwa kuumwaga kutoka kikombe hadi kikombe, na kila alipoketi kunitazama nikinywa aliuliza kama naumwa sana, na kila nilipomjibu kwamba napona, aliangalia mlango.

Siku ya kuandikishwa ilikuwa kwetu Bungoma, maana vitambulisho vyetu vilikuwa vya huko. Uwanja ulijaa vijana, wengine wamelala hapo tangu jana yake. Kwetu huchukuliwa wachache sana, kila mtu anajua. Watu huja wakijua wanaomba nafasi ambayo mamia wanaiomba. Tulikimbia pekupeku. Nilitangulia, nikamaliza hata sijachoka, nikaona afisa mmoja akinionyesha mwenzake kwa kidole. Nikapimwa urefu, kifua, nyayo, nikapita kila mahali, na mgongoni nikawa nasikia watu wakisema huyu ameingia. Kisha tukapangwa foleni ya meno. Askari aliyekuwa akikagua alikuwa kijana, mwenye tochi ndogo. Aliangalia, akarudi kuangalia. "Haya mawili yako wapi?" Nikamwambia niling'oa, yalikuwa na matundu. "Nani alikushauri?" Nikasema mjomba wangu, sajini mstaafu. Akacheka, wenzake wakacheka. "Mwambie mjomba wako tundu linazibwa. Pengo halizibwi. Toka nje, kijana. Mjomba wako hajui jeshi." Nyuma yangu alikuwa Wafula. Nilipogeuka alikuwa ametazama ardhi. Alifungua mdomo wake uliojaa meno, akapita, na jioni alikuwa mmoja wa wale waliochukuliwa.

Hapa ndipo ninaposhindwa kujisamehe kwa wema wangu mwenyewe. Niliporudi Lucky Summer, nilimkuta Sajini ameketi uani akishona turubai, nami nikaanza kumfariji. Nilimwambia asijilaumu. Nilimwambia sheria zimebadilika, wakati wao haikuwa hivyo, wazee wetu wengine waling'olewa meno ya chini kwa mila na bado walichukuliwa. Nilimhurumia, mzee aliyepitwa na wakati kwenye jambo pekee alilolijua. Aliendelea kushona. Akasema, "Ndiyo. Sheria zimebadilika." Akanipa upande mmoja wa turubai nishike, tukakunja pamoja.

Miezi ikapita, nikawa mkono wake wa kulia. Nilipiga mahema Kariobangi, Dandora, Umoja, Donholm, nikajifunza kuangalia miti kwanza. Nilikuwa nimeanza hata kuipenda kazi. Wafula alipomaliza mafunzo akaja likizo akiwa na sare, Sajini alitangaza karamu. Mbuzi walichinjwa, kwaya ya kanisa ikaitwa, na mimi nikaambiwa nipige hema kubwa, lile jipya, lenye kuta. Nililipiga peke yangu, nikakataa msaada. Mchana, wageni wakiwa wanaanza kuingia, niliona kamba ya nyuma imelegea, nikazunguka kuikaza. Nilikuwa nimechuchumaa pale, turubai likiwa kati yangu na watu waliokuwa ndani, nikasikia sauti ya Koplo, imelainishwa na pombe ya busaa.

"Lakini Sajini, mimi hilo la meno halinikalii vizuri."

"Ningefanya nini?" alisema Khocha. "Kwetu wanachukua wangapi? Wakisimama pamoja, anayechukuliwa ni huyu wa dada. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema kila Jumapili."

"Nilikuwa natania!"

"Mimi sikuwa natania. Huyu Simiyu mtupe popote, ataota. Wafula nikifa leo, kesho anauza viti vya nyumba. Ni mtoto wangu, Koplo. Ungekuwa wewe?"

Nilisikia Koplo akimeza kinywaji chake.

Hasira haikuja mara moja. Kwanza nilimaliza kukaza kamba, maana mikono ilikuwa imeshaianza. Kisha nikazunguka nikaingia mlangoni. Koplo aliponiona aliweka kikombe chini, akatoka akinipita kwa ubavu. Sajini alibaki ameketi. Alikuwa amevaa medali zake. "Umesikia," alisema. Haikuwa swali. Nikamwambia aseme mwenyewe, mbele yangu. Akasimama wima kama anayeitwa kwenye gwaride, na akasema. Hakupunguza kitu wala hakuomba msamaha. Alisema alijua pengo litanirudisha, kwamba alifikiria majuma mengi, kwamba lile gego lilipoanza kuuma aliona Mungu amemfungulia njia. "Na haya mahema," akasema akinyoosha mkono kwenye dari la turubai, "yatakuwa yako. Wafula hatayataka. Nilikuwa nimeshapanga hivyo." Nilimuuliza, "Khocha, ulinivisha nyama shingoni ya nini?" Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nje kwaya ilikuwa imeanza, na Wafula alikuwa akiletwa getini amebebwa juu juu, sare yake imepigwa pasi hadi inang'aa, akicheka, akinitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu.

Sikumwambia. Wakati ule niliona ni jambo moja safi ninaloweza kulifanya siku ile, kumwachia Wafula ushindi wake. Nilichukua begi langu sebuleni. Anti Rosa alikuwa jikoni akipakua pilau, akaniuliza naenda wapi na wageni wamejaa. Nikamwambia natembea kidogo. Nimetembea tangu siku hiyo. Nimepakia simiti Mombasa, nimeuza mitumba Lodwar, nimelinda ghala Kitale, nimeendesha lori mpaka Juba, na kila mahali, watu wakianza kuniita jina langu kwa mazoea, mguu huanza kuniwasha. Sijakaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuoa na kuitwa baba wa mtu. Mama alikuwa akiniuliza kwa nini siendi kwa khocha wangu, nikamwambia Nairobi ina baridi. Nilijiambia kwamba ninakaa mbali ili siri isinitoke, ili Wafula asije akajua alipita kwa mlango gani. Miaka yote hiyo nilijiona kama mtu anayemlinda ndugu yake.

Kwa hiyo pale Donholm, wakati mzee wa kanisa akisoma majina ya waliotuma rambirambi, Wafula alikuja akaketi kando yangu. Amenenepa, nywele zimempungua, jeshi aliliacha kitambo na sasa ana duka la kutengeneza simu Eastleigh. Tulishikana mikono kwa muda mrefu. "Niaje, Simi. Umezeeka vibaya." Nikamwambia yeye amefura kama andazi. Akacheka, akajifuta macho kwa leso, akasema, "Unajua buda alikuwa akikutaja mpaka mwisho? Alikuwa anasema ungekuwa umenipita vyeo. Kwamba ilikuwa tu bahati mbaya."

Sijui kwa nini ilikuwa hapo. Labda ni hilo neno bahati. "Haikuwa bahati, Wafula," nilisema.

Alikunja leso, akaikunja tena. "Najua."

"Ulijua lini?"

"Mama aliniambia. Asubuhi ile tukienda kupanda basi la Bungoma, wewe ukiwa umetangulia na mabegi. Aliniambia nikimbie bila wasiwasi."

Nilijaribu kuhesabu nani aliyebaki, ni nani katika nyumba ile aliyekuwa hajui, na nilipopita uji wa Anti Rosa, na macho yake mlangoni, na Wafula akitazama ardhi kwenye foleni ya meno, nilijikuta nimebaki mimi peke yangu. "Mbona hukuniambia?" Aliinua mabega. "Ningesema nini? Nilikuwa nataka kupita mbele ya buda. Mara moja tu, Simi. Wewe ulikuwa ukipita kila siku."

Ndipo mzee wa kanisa akaita kwenye kipaza sauti, "Sasa tumsikie mpwa wa marehemu, ambaye Sajini alimlea kama mwanawe wa kumzaa." Watu waligeuka. Nilitembea mpaka mbele, nikasimama kando ya jeneza, nikashika kipaza sauti. Nilikuwa na maneno ya kila aina niliyoyaokota barabarani kwa miaka ile yote, mengine makali sana. Anti Rosa alikuwa safu ya kwanza, ameinua uso.

"Mimi ni Simiyu, mtoto wa dada yake," nilisema. "Khocha alikuwa na watoto wanne. Aliwapenda hao wanne kuliko kitu chochote. Kuliko neno lake. Kuliko mimi. Nimemaliza."

Mzee wa kanisa alingoja, akidhani kuna zaidi. Kutoka nyuma mtu fulani akasema amina kwa mazoea, kwaya ikaanza kwa haraka, na Anti Rosa akajifunika uso kwa kitenge. Nilirudi kwenye kiti changu cha nyuma. Walipoita wapwa waje kubeba jeneza, Wafula, aliyekuwa ameshahamia kwa wafiwa, aliniangalia kutoka upande wa pili wa hema. Sikuinuka. Akashika yeye na wengine, wakatoka nalo hadi kwenye basi, watu wakafuata, geti likabaki wazi. Nilikaa pale pale mpaka mlio wa basi ukapotea kuelekea Outer Ring, na vijana wa hema wakaanza kukunja. Mmoja akaja akasimama mbele yangu kwa adabu, mikono nyuma.

"Mzee, samahani," alisema. "Tunaomba kiti."